Aliyechezea Vipimo vya Mabibi Harusi

Mwili ulisimama wima katikati ya chumba, mikono juu kama wa mtu anayeporwa, na gauni jeupe lilikataa katakata kuufunga.

"Vuta pumzi," shangazi aliamuru.

"Nimevuta."

"Vuta tena."

"Shangazi, nikivuta tena nitaitoa Jumatatu."

Shangazi huyo ndiye Mama Lesi, mwenye duka la magauni ya harusi lililokuwa na jina kuliko yote mjini. Alimwekea mpwa wake goti mgongoni, akaishika zipu kwa mikono miwili, akavuta. Zipu ilipanda mpaka usawa wa kiuno, ikasita kama inayofikiri, kisha ikapasuka mstari mzima. Mabibi waliokuwa sebuleni waliinuka wakidhani ni risasi.

Kabla hajapata hata nafasi ya kumlaumu bibi harusi kwa kula, simu yake iliita. Bibi harusi mwingine, mtaa wa pili. Gauni halipiti mabegani. Simu ikaita tena. Gauni limepita mabegani, likapita kifuani, likapita kiunoni, sasa liko miguuni na bibi harusi amebaki na shela. Simu iliendelea kuita hivyo asubuhi nzima, mpaka Mama Lesi akaizima na kukimbilia dukani. Alikuta kioo cha mbele kimevunjwa, na shangazi wa watu, waliovaa sare na viatu virefu, wamezingira mlango wakidai kumpima yeye.

Kwa kawaida Inspekta Pole huitwa mahali penye maiti. Safari hii aliitwa mahali penye mabibi harusi, na haukupita muda akatamani maiti. Maiti hazipigi kelele.

Jina la Pole alipewa na askari wenzake, kwa sababu alimpa pole kila mtu: aliyeibiwa, aliyeiba, na siku moja mlango alioupiga teke. Aliingia akiruka vipande vya kioo, akasimama mbele ya tangazo kubwa ukutani: TUNAPIMA MARA MOJA, TUNAPATIA MARA MOJA.

"Hii maana yake nini?" aliuliza.

"Maana yake hapa kwangu gauni halijaribiwi," Mama Lesi alisema akijifuta machozi. "Mteja anapimwa, gauni linashonwa, linafungwa kwenye mfuko, anakwenda kulivaa siku yake. Wengine huko wanajaribisha mara nne kama wanashona turubai. Mimi nina uhakika na vipimo vyangu."

Nje, mwanamke mmoja aliinua gauni ambalo lingemtosha bibi harusi, bwana harusi na mshenga kwa pamoja.

"Naona," alisema Inspekta. "Pole, mama."

"Pole yako iweke mfukoni, afande. Mimi nataka pingu."

"Za nani?"

"Za Mama Mapacha! Fundi wangu niliyemfukuza juzijuzi. Alisimama palepale mlangoni, mbele ya wateja, akaniambia nitalia mbele za watu. Leo si nalia? Na watu si hao?"

"Ulimfukuza kwa kosa gani?"

"Kuchelewa. Kila siku mapacha wanaharisha, kila siku mapacha wanaota meno. Kwani meno ya wanawe yanaotea dukani kwangu?"

"Sasa yuko wapi?"

"Kituoni kwenu. Askari wawili wamemzoa leoleo. Nataka aozee huko, afande. Nataka akitoka, wanawe wamwamkie kama mgeni."

Inspekta hakupenda namna alivyolitamka hilo, polepole, kama mtu anayelamba kijiko. Lakini pia alimjua mkuu wake wa kituo. Mkuu alikuwa ameshasema: akikosekana mtuhumiwa mwingine, Jumatatu Mama Mapacha anapandishwa kizimbani. Na mapacha wenyewe walikuwa bado wananyonya.

Alianza na fundi mkataji, mzee aliyevaa futi ya kupimia shingoni kama tai, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Futi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usinifunge kabla sijamaliza chai."

"Haya magauni umekata wewe?"

"Mimi. Nilianza kukata nguo wewe ukivaa kaptura isiyo na makalio."

"Mbona hayawatoshi wenyewe?"

"Yanawatosha walioandikwa. Waliokuja ni wengine." Mzee alielekeza kidevu kwenye kompyuta iliyokuwa kwenye meza ya kona. "Dada wa kupima anapima, anaandika mle, mimi nakata kilichoandikwa. Zamani nilikuwa namtazama mteja kwa macho, nikibisha na futi. Mama akaniambia nikome. Kompyuta haibishiwi."

"Hukushtuka hata kidogo?"

"Kiuno cha yule mpwa wake nilikiona kimekuwa cha nyigu. Nikasema moyoni, labda ni mapenzi. Mapenzi yanakondesha."

Dada wa kupima alikuwa amekaa karibu na pazia la chumba cha kuvalia, akichomoa pini kwenye gauni lililorudishwa. Wateja walimwita Tabasamu, na jina lilimkaa. Hata katika msiba ule uso wake ulikuwa na nuru ya ukarimu. Alimkaribisha Inspekta kiti. Alimkaribisha maji. Alisema vipimo aliviandika sawasawa kama kawaida, akaendelea na pini zake.

Ikabaki kompyuta. Inspekta alimwita koplo wa kitengo cha makosa ya mtandao, binti mwembamba aliyetafuna chingamu kana kwamba imemtukania mama yake. Koplo alikaa, akabonyeza huku na huku.

"Afande, vipimo vimebadilishwa. Vile vya mwanzo bado vipo, programu inatunza hata kilichofutwa. Huyu kapunguzwa kifua, huyu kaongezwa nyonga, huyu mpwa wa mama kapunguzwa kila mahali isipokuwa vidole. Na kila badiliko lina jina la aliyelifanya."

"Jina la nani?"

Koplo alimtazama Mama Lesi. "Lake."

"Mimi?" Mama Lesi aliruka. "Mimi nijichinje mwenyewe, tena siku ya harusi ya mtoto wa kaka yangu?"

"Ni akaunti yako, mama. Wanaoitumia ni wangapi?"

"Sote. Duka moja, akaunti moja, neno la siri moja. Nyumba yenye funguo nyingi ina wezi wengi."

"Na neno lenyewe nani analijua?"

Hakukuwa na haja ya jibu. Lilikuwa limeandikwa kwa chaki ya fundi ukutani, juu ya kompyuta, kwa herufi ambazo hata mwenye mtoto wa jicho angeomba zipunguzwe: MAMALESI1.

"Hiyo moja ya mwisho ni ya nini?" Inspekta aliuliza.

"Ya usalama," Mama Lesi alijibu kwa fahari.

Koplo alimeza chingamu.

"Mama Mapacha ulipomfukuza ulichukua hatua gani?" aliendelea Inspekta.

"Nilimnyang'anya mkasi, futi na aproni. Na kitasa cha mlango nikakibadilisha siku ileile. Mimi si mjinga."

"Na neno la siri?"

"Nilibadilishe la nini? Kwani linafungua mlango?"

Koplo alivuta pumzi ya mtu anayeanza kupanda ngazi ndefu. "Mama, hilo ndilo linalofungua mlango. Kitasa kinamzuia mtu kuiba cherehani tu. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake, ili likitokea jambo tujue ni nani. Anayeondoka, yake inafungwa jioni hiyohiyo, hata kama mmeagana kwa keki. Neno liwe refu na lisiwe jina lako. Na mtu akijaribu kuingia, simu yako ikuulize kwanza: ni wewe?"

"Sasa mimi nishone magauni au nikae nikiulizwa kama ni mimi?"

"Leo umeulizwa," alisema Koplo, "na hukuwa wewe." Akamgeukia Inspekta. "Mabadiliko yamefanywa kwa simu, afande. Simu ya kisasa. Programu inaonyesha aina tu, nayo ni ya zile zinazouzwa kila kona. Mama anayo, mzee anayo, dada anayo. Hata wewe unayo."

"Mimi sikutoka nyumbani," alisema Inspekta.

Mama Mapacha alikuwa mahabusu akigombana na ukuta. Alipomwona Inspekta aliuacha ukuta.

"Pole, mama."

"Hiyo pole inanyonyesha? Maana mimi kifua kimejaa mpaka nasikia homa, na wanangu wako kwa jirani wananyweshwa uji."

"Ulimtishia Mama Lesi?"

"Nilimwapiza. Kuapiza na kutenda ni mambo mawili, baba. Yangekuwa moja, mji huu ungebaki na wewe na paka tu."

"Neno la siri unalijua?"

"Hata fundi bomba analijua. Liko ukutani."

"Ulitaka kumlipiza?"

"Nilitaka, nataka, na Mungu akinipa uzima nitaendelea kutaka. Lakini nimlipize kwa kompyuta? Ile kompyuta ilikuwa ikiniona tu inajizima."

Inspekta alikwenda mapokezi, akaomba vitu alivyokutwa navyo. Kanga moja, kopo la mafuta ya watoto, na simu ya tochi ambayo vitufe vimefutika na mfuniko umefungwa kwa mpira. Simu ile isingeweza kubadilisha kipimo cha mtu hata ingeombwa kwa magoti.

Alimpelekea mkuu wa kituo.

"Anaweza kuazima simu," mkuu alisema bila kuinua kichwa. "Alitishia. Neno alilijua. Sababu anayo. Niletee mwingine, Inspekta, au niache nifanye kazi."

Inspekta alirudi mahabusu. "Nani mwingine ana kinyongo na Mama Lesi?"

Mama Mapacha alicheka kicheko kikavu. "Anza na wanaompenda, halafu waliobaki wote ndio hao. Utamaliza haraka."

Jumapili asubuhi Inspekta na Koplo walikaa mbele ya picha za magauni yote yaliyotoka dukani kwa ajili ya harusi za Jumamosi. Walikuwa wameyatazama mpaka Koplo akaapa kuolewa akiwa amevaa sare za kazi.

"Tunakosea," alisema Inspekta. "Tunahangaika na walioumizwa, na walioumizwa ni wote. Tuulize kinyume. Nani ameachwa?"

Koplo alirudi kwenye vipimo, akapitia jina baada ya jina. Akaacha kutafuna.

"Yupo mmoja. Hakuguswa hata nukta. Mjane anayeolewa mara ya pili, ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Wanamwita Mama Misumari."

"Gauni lilimkaa?"

"Ameweka picha mtandaoni. Limemkaa kama ganda kwenye yai."

Walimkuta dukani kwake, siku moja tu baada ya harusi, hina ingali mbichi mikononi, akipima misumari kwenye mizani. Nyuma yake mwanamume mwenye uso wa furaha alikuwa akibeba saruji.

"Hongera, mama. Fungate vipi?"

"Hiyo hapo, inabeba mifuko. Mnataka nini, wanangu? Misumari ya bati au ya mbao?"

"Maswali. Una urafiki na Mama Lesi?"

"Mama Lesi ana rafiki?"

"Mafundi wake unawajua?"

"Siwajui."

"Na yule dada anayepima?"

Misumari iliacha kulia kwenye mizani. "Binti mzuri," alisema Mama Misumari. "Anatabasamu vizuri."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Inspekta aliegemea kaunta. "Mama, kuna mwanamke mahabusu mwenye mapacha wanaonyonya. Mimi najua hajafanya kitu. Lakini hakimu hasikilizi ninachojua, anasikiliza ninachoweza kuthibitisha. Kesho anapandishwa kizimbani."

Mjane alimtazama mumewe mpya, kisha akatazama mikono yake yenye hina.

"Niliahidi kunyamaza," alisema kwa sauti ya chini. "Siku ya kupimwa tulikuwa wawili nyuma ya pazia. Futi ikamponyoka. Nikadhani atainama kuiokota, kumbe anaanguka yeye. Mwili ukaanza kumtetemeka. Kifafa. Marehemu mume wangu alikuwa nacho, kwa hiyo nikajua la kufanya. Nikamlaza ubavu, nikakunja shela nikamwekea chini ya kichwa, nikasubiri. Mama Lesi akauliza kutoka nje, kuna nini humo? Nikamwambia nimeangusha kiti. Binti alipozinduka alinishika mkono akalia. Akaniambia watu wakijua, amekwisha."

"Walijua?"

"Si kutoka kwangu. Lakini haukupita muda nikasikia uchumba wake umevunjika."

"Alikuwa amechumbiwa na nani?"

Mama Misumari alimtazama kwa huruma kubwa. "Afande, upelelezi wako unaufanyia wapi? Na huyohuyo bwana wa jana, aliyekuwa amwoe mpwa wa Mama Lesi."

Inspekta Pole alisahau kutoa pole.

Duka lilikuwa limefungwa kwa wateja, ila wenyewe walikuwamo. Mzee Futi alikuwa akikata karatasi ya kuziba kioo kilichovunjika. Mpwa alikuwa amekaa juu ya meza ya kukatia, macho yamevimba. Ndoa ilikuwa imeahirishwa kwa wiki moja, na shangazi yake alikuwa akiuchambua mshono wa gauni lile lililopasuka ili alifufue. Tabasamu alimshikia pini.

"Nina maswali machache kwako, binti," Inspekta alimwambia Tabasamu. "Tuingie humu."

Alichagua chumba cha kuvalia, kwa sababu pazia lake lilificha watu na halikuficha sauti. Koplo alimsomea onyo: ana haki ya kukaa kimya, na lolote atakalosema litaandikwa na kuweza kutumika mahakamani. Tabasamu alisikiliza akitabasamu.

"Mpwa wa Mama Lesi ulimpima wewe?"

"Mimi."

"Ukaandika sawasawa?"

"Sawasawa."

"Kisha?"

"Kisha mzee akakata."

"Kati ya kuandika na kukata kuna mtu aliingilia."

"Duka zima lina neno moja, afande. Liko ukutani."

"Simu yako iko wapi?"

"Mna hati?"

Inspekta aliitoa mfukoni, akaiweka juu ya kiti. Binti aliisoma yote, hadi muhuri. Akatoa simu, akaiweka juu ya hati.

"Mama Misumari anakusalimu," alisema Inspekta.

Lile tabasamu halikuanguka kwa pamoja. Lilitoka polepole, kama pini zinavyotolewa kwenye gauni, moja baada ya nyingine, mpaka ukabaki uso ambao wateja hawakuwahi kuuona.

"Amewaambia."

"Hakutaka. Nilimbana. Usimlaumu."

"Sina la kusema."

"Ni haki yako. Basi nisikilize mimi. Mama Mapacha yuko mahabusu tangu jana. Maziwa yamemjaa, ana homa. Wanawe wananyweshwa uji na jirani. Kesho anasomewa mashtaka ya kitu ulichokifanya."

"Sikujua kama watamkamata yeye!" Sauti ilipanda, kisha ikavunjika. "Naapa sikujua. Nilijua watahangaika na kompyuta mpaka wachoke. Yule mama hajanikosea kitu."

"Basi sema ni nani."

Nje ya pazia, mkasi wa Mzee Futi uliacha kukata.

"Ni mimi," alisema Tabasamu.

Alisimama, akalivuta pazia mwenyewe kwa mkupuo mmoja. Mama Lesi alikuwa palepale nyuma yake, sikio mbele.

"Sogea, Mama, usikie vizuri. Wewe unapenda kusikiliza ya watu."

"Mshenzi wewe! Nimekulisha, nimekufundisha kazi..."

"Mwache aseme," alisema Inspekta.

"Siku moja simu yangu ilikufa chaji," Tabasamu alianza. "Nikafungua meseji zangu kwenye kompyuta ya duka ili nimwandikie dada yangu. Nilimwandikia kwamba bado sijapata nafasi ya kumweleza mchumba wangu kuhusu kifafa. Kwamba nitamwambia Ijumaa ya wiki ileile, mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikaandika na hofu zangu zote, mambo ambayo mtu anamwambia dada yake tu. Mteja akaingia. Nikaenda kupima, nikasahau kufunga. Sikufunga mpaka jioni."

"Na jioni kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Ila kabla sijafungua mdomo wangu kwa mchumba, mdomo wa mwingine ulikuwa umeshafika kwao. Mama yake alivunja posa mbele ya wajomba. Nilipouliza nani kasema, akanionyesha picha ili ninyamaze. Ilikuwa picha ya maneno yangu kwenye kioo cha kompyuta. Kioo kina ufa kwenye kona, afande, na ufa umezibwa kwa kipande cha lesi na gundi. Niambie, ni kompyuta gani nyingine duniani imevalishwa lesi?"

Wote waligeuka. Lesi ilikuwa pale kwenye kona ya kioo, nyeupe, yenye maua.

"Nilirudi kazini kesho yake," aliendelea. "Nilitabasamu. Haukupita muda Mama akaniletea mpwa wake. Anaolewa na nani? Na yeye. Akasimama hapa akanishika bega, akaniambia, mpime vizuri, mwanangu, hii ni damu yangu. Nikampima vizuri. Nikaandika vizuri. Nikaenda nyumbani, nikafungua simu yangu, nikaandika ninavyotaka mimi."

"Na wale wengine? Walikukosea nini?"

"Hawakunikosea. Hao nitawaomba radhi mmoja mmoja, hata wakinitemea mate. Lakini gauni moja lingekuwa bahati mbaya, afande. Mama angelia, watu wangemwonea huruma, wangemletea vitenge. Mimi sikutaka alie. Nilitaka jina lake. Langu alilitembeza nyumba kwa nyumba."

"Nilikuwa namwokoa kijana wa watu!" Mama Lesi alifoka. "Angeoa ugonjwa bila kujua!"

"Angejua siku ya Ijumaa. Niliandika hivyo, nawe ulisoma hivyo."

"Kompyuta ni yangu! Kilichomo kwenye kompyuta yangu ni changu!"

"Mama," alisema Koplo, "mteja akisahau mkoba hapa, mkoba unakuwa wako? Utaufungua, uipige picha pedi yake, umpelekee mama mkwe?"

Mama Lesi aliuvuta mkoba wake kwapani.

"Ulisoma yangu bila hodi," Tabasamu alimwambia. Hakupaza sauti. "Nami nikaandika kwenye yako bila hodi. Ila mimi sikuvunja mlango. Ufunguo uliniandikia ukutani."

Mpwa alishuka mezani.

"Shangazi, uliniambia walishindwana. Uliniambia yeye ndiye aliyemwacha."

"Mwanangu, nilifanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu ulimwita anipime?" Alilichukua gauni lililochanika, akalibwaga mikononi mwa shangazi yake. Lilikuwa zito, Mama Lesi aliyumba. "Lishone upya, lizibe, liuze, shauri lako. Na huyo mwanamume anayemkimbia mtu kwa kuonyeshwa picha, kamwambie atafute mwingine. Mimi nikiumwa malaria atanirudisha kwetu?"

Akatoka, akiponda kioo chini ya viatu.

Inspekta alimfunga Tabasamu pingu. Kisha akamgeukia mwenye duka.

"Nawe pole, mama. Twende pamoja."

"Mimi? Mimi ndiye niliyeibiwa!"

"Kwenye jalada la kwanza, ndiyo. La pili tunalifungua tukifika. Kuchukua mawasiliano ya mtu na kuyasambaza nako kuna kifungu chake cha sheria."

"Mkuki kwa nguruwe," Mzee Futi aliiambia chai yake.

Kituoni, mkuu alisoma maelezo ya Tabasamu mara mbili, akakuna kichwa, akasaini karatasi ya kumwachia Mama Mapacha. Mama Mapacha alitoka mahabusu akijifunga kanga aliyorudishiwa, macho mekundu ya homa, na pale kaunta akakutana ana kwa ana na binti mwenye pingu.

"Dada," Tabasamu alisema, "nisamehe. Ni mimi niliyefanya, wakakukamata wewe."

Mama Mapacha alimtazama. Kisha akamzaba kofi lililosikika mpaka ofisi ya mkuu. Askari wawili waliruka kutoka kwenye viti vyao. Inspekta aliwazuia kwa mkono.

"Hilo la wanangu," alisema Mama Mapacha. Tabasamu hakujikinga, alisimama tu, machozi yakimtiririka. Mama Mapacha akamtazama tena, safari hii kwa utulivu, toka kichwani mpaka miguuni, kama fundi anayekadiria kazi.

"Wananiambia una kifafa. Dawa zako unazo?"

"Ziko nyumbani."

"Unakunywa saa ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Na watu wote hawa wenye nyota mabegani hakuna aliyekuuliza?" Aliwatupia askari jicho lililowafanya watazame mafaili. "Nielekeze mlango wako. Naenda kunyonyesha kwanza, kisha nakuletea."

Alielekezwa. Alichukua simu yake ya tochi na kopo lake la mafuta, akaelekea mlangoni. Kwenye benchi la pembeni Mama Lesi alikuwa amekaa na karatasi ya maelezo mapajani, akitafuta sentensi ya kwanza asiipate. Mama Mapacha alisimama mbele yake. Alikuwa na mambo mengi ya kumwambia. Ilionekana yanavyopanga foleni kooni. Mwishowe akaamua hayamstahili, akamgeukia Inspekta.

"Afande, mkimaliza kumwandika huyu, msimkalishe karibu na simu ya mtu."

Akatoka kwenda kwa wanawe. Koplo aliiokota simu yake mezani akaitia mfukoni.